Lukasa Darasani

Katika vikao vyetu vya elimu husikika mara kwa mara kauli moja inayopokelewa kama busara: kwamba ubunifu wa kufundisha ni mambo ya shule zilizojaliwa vifaa. Eti shule zetu za Piana-Mwanga, hapa Kongo, zipewe kwanza vitabu, ramani, maabara na umeme, ubunifu utafuata. Kauli hiyo naipinga, na nitakaa nayo muda mrefu, kwa sababu wanaoitoa ni watu wenye nia njema na madhara yake ni makubwa: inamfundisha mwalimu kusubiri. Inaichukulia elimu kama mzigo unaoshushwa kutoka kwenye lori, na mwalimu kama mtunza ghala ambaye hana kazi hadi lori lifike. Tunapaswa kuwa wa kwanza kuitilia shaka, sisi tunaoishi kando ya kituo cha umeme cha mto Luvua. Kituo hicho kilijengwa wakati wa utawala wa Wabelgiji ili kuendesha machimbo ya bati ya kampuni ya Géomines kule Manono. Hakuna kifaa kikubwa kuliko hicho kilichowahi kuletwa katika eneo hili letu. Kilihudumia mgodi, na mgodi ulipoanguka nacho kikanyamaza miaka mingi. Kifaa hufuata kusudi la aliyekileta. Hata ramani nzuri ya ukutani, ikiletwa katika darasa ambamo mtoto hajawahi kuulizwa maji ya mto huu yanatoka wapi, itakuwa pambo la ukuta.

Kauli hiyo inadhani pia kwamba pasipo kabati la vifaa hapajawahi kuwa na mafunzo ya kina. Hapo ndipo inapoanguka kabisa, na shahidi wangu ni lukasa. Waluba, ambao nchi yao inaufikia mto huu, walikuwa na chama cha Mbudye kilichotunza kumbukumbu za ufalme. Chombo chao, lukasa, kilikuwa kipande cha ubao chenye kiuno chembamba, kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja. Upande wa mbele ulipangwa shanga na makombe, upande wa nyuma ulichorwa mistari inayofanana na gamba la kobe, mnyama aliyekuwa alama ya Mbudye. Msomaji alishika ubao kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, na kwa kugusa akasimulia: safari za mwindaji Mbidi Kiluwe, ugomvi wa mfalme Nkongolo na mpwa wake Kalala Ilunga, nasaba za wafalme, mpangilio wa watu barazani. Shanga moja kubwa iliyozungukwa na ndogo iliweza kuwa mtawala na wakuu wake. Mstari wa shanga uliweza kuwa njia. Maana ilibebwa na rangi, ukubwa na mahali shanga ilipokaa karibu na nyingine. Tena ubao uleule haukusomwa kwa maneno yaleyale kila mara: msomaji na shughuli iliyopo vilibadilisha usomaji, na msomaji hodari alijulikana kwa namna alivyojenga hoja yake juu ya shanga zilezile. Leo mbao hizi zimo katika majumba ya makumbusho, mojawapo likiwa lile la Brooklyn, New York, ambako watu huzitazama nyuma ya kioo. Mimi nasema zilikuwa vifaa vya kufundishia, na bora kuliko vingi tunavyoviombea fedha, kwa kuwa lukasa haimwambii mwanafunzi jibu. Inamlazimu alijenge.

Tuilete basi darasani. Watoto watano wapewe kipande cha mbao kilichopakwa udongo wa mfinyanzi, punje za mahindi, maharage na vifuniko vya chupa. Waupange mto: unatoka ziwa Mweru, unapita hapa, unakutana na Lualaba kule Ankoro. Soko liwekwe, na njia ya Manono, na mashamba. Kisha kundi la pili lisome ubao ambao halikuutengeneza, na liulize pale lisipoelewa. Katika maswali hayo ndimo jiografia inamozaliwa. Katika hesabu, kifuniko kimoja kiwe kumi na punje iwe moja, na mtoto aone kwa vidole kwa nini tunakopa kumi tunapotoa. Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji huko Ufaransa, alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na jeraha la pafu lililomzuia kuhutubia darasa kwa muda mrefu. Aliwatoa watoto nje wakaangalie, na mwaka 1924 akawapa mashine ndogo ya kuchapa maandishi yao wenyewe. Alifika mahali ambapo Mbudye walikuwa wamekwisha kufika.

Wapo watakaosema lukasa ilikuwa siri ya wachache. Ni kweli, na siri zao hatuzihitaji; tunachokichukua ni namna ya kufanya kazi. Wengine watataja mtihani wa taifa wa darasa la sita, ulio kwa Kifaransa. Lakini sheria ya elimu ya nchi yetu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Mtoto aliyekwisha kueleza ubao wake kwa Kiswahili au Kiluba ana jambo la kusema akifika kwenye Kifaransa. Aliyekariri tu ana sauti peke yake.

Hoja nzito ni ile ya mwisho: kwamba kumsifu mwalimu mbunifu ni kuipa Serikali kisingizio. Naikubali karibu yote. Katiba ya 2006, ibara ya 43, inaahidi elimu ya msingi ya bure. Utekelezaji ulioanza Septemba 2019 uliyajaza madarasa, na walimu wanaoitwa N.U. wanafundisha wakiwa nje ya orodha ya mishahara. Mwalimu asiyelipwa hadaiwi ubunifu na mtu yeyote. Yeye ndiye anayedai. Vitabu vidaiwe, mishahara idaiwe, kwa sauti kubwa. Ila sikubali kwamba hadi siku hiyo watoto themanini waendelee kuitikia kwa pamoja sentensi wasiyoielewa. Mtoto wa darasa la tatu ni wa darasa la tatu mwaka huu tu. Nimezipima hoja hizi zote, na bado naamini kwamba mkono hutangulia mdomo katika kuelewa.

Naomba kila mwalimu wa Piana-Mwanga achague somo moja muhula ujao. Watoto walete vipande vya mbao na punje za mahindi, na chaki isiguse ubao hadi kundi la pili limalize kusoma.