Nani Anakaa na Mtoto?

Maneno yaliyotolewa mbele ya wanachama na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Arusha



Tumepewa robo saa ya kusema, na mwenyekiti ametukumbusha kwamba chakula kipo tayari. Tutajitahidi.

Kichwa cha maneno yetu ni swali: nani anakaa na mtoto? Katika Kigujarati, nani ni bibi mzaa mama. Kwa hiyo baadhi ya wazee wetu walipoona kichwa hiki kwenye ratiba walidhani swali limekwisha kujibiwa: nani, yaani bibi, ndiye anayekaa na mtoto. Na kwa kweli kwa miaka mingi jibu lilikuwa hilo hilo, iwe nyumbani kwetu nyuma ya duka, iwe katika migomba ya Akheri na Poli, iwe katika maboma ya Waarusha upande wa Oldonyosambu, ambako bibi huitwa koko. Bibi alikuwapo, ua ulikuwapo, na mtoto alionwa na macho mengi.

Sisi tuliozaliwa mjini hapa katika miaka ile ya kabla na baada ya Uhuru tulilelewa dukani. Nyuma ya kaunta palining'inizwa ghodiyu, kitanda cha kitambaa cha kumbembelezea mtoto mchanga, nacho kilifungwa kamba ndefu. Mama alipima sukari kwa mkono mmoja na kuvuta kamba kwa mkono wa pili. Biashara ilipokua, tukapata yaya. Neno lenyewe lilifika pwani kutoka Bara Hindi, na huko liliachwa na Wareno. Lakini mwanamke aliyelibeba jina hilo nyumbani kwetu alitoka juu ya Tengeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Alitulea miaka kumi na minne. Alijua ni nani kati yetu anayeogopa radi na ni nani asiyekunywa maziwa yenye utando.

Alipofariki tulikwenda kumzika. Huko msibani tulikutana na mtu mzima wa umri wetu, akatusalimu kwa majina ya utotoni ambayo hatukuwa tumemwambia. Alikuwa mwanawe. Tulikuwa hatujui kwamba ana mtoto wa umri wetu. Yeye alitujua sisi wote, kwa sababu mama yake alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi na hadithi zetu. Alilelewa na bibi yake. Hakutulaumu kwa neno lolote, alitukaribisha chai. Lakini tangu siku hiyo swali hili limekaa nasi.

Sasa tuseme habari ya ghala letu, maana si vizuri kuhubiri habari za wengine tu. Biashara yetu ni nafaka na maharage. Wanaofahamu kazi hii wanajua kwamba maharage huchambuliwa kwa mkono, na mikono hiyo ni ya wanawake. Wakati wa msimu huja kwa makumi, wakitoka Ngaramtoni, Kisongo, Moivaro na hata Usa River; wengine hupanda daladala kabla jua halijatoka ili wawahi kuandikwa majina langoni. Mwaka mmoja, mama mmoja aliyekuwa hodari sana hakuonekana siku tatu. Msimamizi wetu akaandika jina la mwingine, kama ilivyo kawaida. Siku ya nne akaja akiwa amejifunga kanga mgongoni pasipo na mtoto. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa hospitali. Alikuwa ameungua kwa uji wa moto, na aliyekuwa akimlinda ni dada yake wa miaka tisa.

Tulilipa gharama za hospitali na tukajiona watu wema. Mtoto alipona, ingawa mkono umebaki na kovu. Msimu uliofuata mama yule alikuja na yule binti mkubwa kutusalimu. Tukamwuliza binti yuko darasa la ngapi. Hakujibu, alimtazama mama yake. Hapo ndipo tulipofahamu bei halisi ya maharage yetu: yalikuwa safi kwa sababu mtoto wa miaka tisa hakwenda shule.

Msidhani kwamba sheria za nchi yetu zimelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua mapacha. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu mwaka 2016 elimu hiyo hutolewa bila ada katika shule za serikali. Hayo ni mambo makubwa. Lakini hesabuni, enyi wafanyabiashara wenzetu: siku 84 ni chini ya miezi mitatu, na mtoto huingia darasa la awali akiwa na miaka mitano hivi. Katikati pana zaidi ya miaka minne na nusu. Na hapo tumesema habari za mwajiriwa. Kibarua wa msimu mara nyingi hazipati, na mwuza ndizi wa soko la Tengeru na mkulima wa kahawa hawana hata hizo siku 84.

Mwaka 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, nayo inatukumbusha kwamba miaka hii ya mwanzo ndiyo inayojenga akili na mwili. Vituo vya kulelea watoto mchana vipo kisheria: kulikuwa na sheria yake ya mwaka 1981, na leo vimo ndani ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inataka kila kituo kisajiliwe na kukaguliwa. Mjini Njiro au Sakina ukiwa na fedha utapata kituo chenye bembea na basi dogo la rangi ya njano. Ukipanda mlima, ada ile ile ni sawa na kipato cha mama cha mwezi mzima.

Ndipo sisi wachache tukaamua kujenga kituo katika kijiji kimoja cha miteremko ya Meru. Hatutakitaja jina, maana aibu tutakayoisimulia ni yetu na si ya kijiji. Tulijenga chumba kizuri, tukapaka picha za wanyama ukutani, tukaweka bamba lenye majina ya wafadhili. (Sisi wenye maduka tunapenda sana bamba. Hata kisima hatuchimbi bila bamba.) Tukaajiri mlezi mwenye cheti, tukaweka ada ya mwezi ambayo kwetu ilikuwa ndogo kabisa, tukakata utepe. Baada ya misimu miwili kituo kilikuwa na watoto wanne, na wawili kati yao walikuwa wa mlezi mwenyewe.

Tulikasirika kwanza. Tulisema wazazi hawathamini. Kisha mjumbe mmoja wa serikali ya kijiji, mama mtu mzima, akatuomba tukae naye kwenye benchi nje ya kituo kuanzia alfajiri. Tukaona. Kina mama walipita mbele yetu na mizigo ya ndizi saa kumi na moja na nusu, na kituo chetu kilikuwa kinafunguliwa saa mbili. Kilikuwa kimejengwa juu ya njia, mbali na kituo cha daladala, kwa sababu kiwanja kile ndicho tulichopewa bure. Na ada tuliitaka tarehe moja ya kila mwezi, wakati mwanamke wa soko hupata fedha Jumatano na Jumamosi, na wa kahawa hupata msimu. "Mnatoza kama mnauzia watu wenye mshahara," alituambia. Kwa mtu aliyekaa kaunta miaka arobaini, maneno hayo yanauma, kwa kuwa baba zetu walikopesha chumvi na mafuta ya taa kwa daftari na kungoja mavuno. Tulikuwa tumesahau kazi ya nyumbani kwetu wenyewe.

Wazee wetu wa Gujarat wangeweza kutufundisha hilo mapema zaidi. Gijubhai Badheka alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1907 kutafuta riziki kama babu zetu. Akarudi, akawa mwanasheria, kisha akaacha sheria na kuanzisha Bal Mandir, hekalu la watoto, mjini Bhavnagar mwaka 1920. Watu walimwita mama mwenye masharubu. Aliyefanya kazi pamoja naye, Tarabai Modak, alikwenda baadaye kuishi kijijini Bordi, pwani ya kaskazini ya Bombay, mwaka 1945. Aligundua kwamba watoto wa maskini hawaji kwenye jengo, basi akachukua masomo na kuyapeleka kwenye nyua zao. Ua kwa lugha ya kule ni angan, na ndiko lilikotoka jina la anganwadi, vituo ambavyo serikali ya India ilianza kuvieneza mwaka 1975. Tunalo neno hilo midomoni, lakini tulijenga jumba.

Tukaanza upya. Chumba cha juu sasa ni ghala la mbegu la kijiji. Watoto wako katika ua wa nyumba ya mjumbe yule, hatua chache kutoka kituo cha daladala, chini ya paa la bati na uzio wa mabanzi. Mlango hufunguliwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Walezi ni wawili, mmoja amehudhuria mafunzo na mwingine ni bibi wa kijijini anayejifunza kwake, ingawa sisi tunashuku kwamba mafunzo yanakwenda pande zote mbili. Malipo ni ya siku, anayeleta mtoto leo hulipa leo. Asiye na fedha huleta mahindi, ndizi, maziwa au kuni, na vyote huandikwa kwenye daftari. Usajili ulituchukua muda, lakini maafisa wa ustawi wa jamii walikuja, wakaagiza choo kirekebishwe na jiko litengwe kwa uzio. Jiko hilo tulilitenga kwa mikono yetu wenyewe.

Jambo moja lilileta mjadala mrefu, nalo ni maji. Wenyeji wanajua kwamba maji ya sehemu nyingi za Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, na meno ya hudhurungi ya ndugu zetu wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki yanatoka huko. Mtoto mdogo ndiye anayedhurika zaidi, kwa kuwa meno na mifupa yake bado inajengeka. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ilipotajwa mifupa ya ng'ombe katika kikao cha hekalu, mnaweza kufikiri kilichotokea. Vikao viwili vilikwisha bila uamuzi. Hatukumdharau yeyote, wala hatudhani kwamba mama wa Kimeru anapaswa kuuliza dini ya maji anayompa mwanawe. Mwishowe akina mama wa hekalu walitukata kauli: wakanunua tangi la maji ya mvua na mabomba ya paani. Masika hulijaza. Kiangazi ni shida, na huchota maji kwenye chanzo kilichopimwa.

Sasa fedha. Mama anayepata shilingi 7,000 kwa siku hutumia, tuseme, 2,000 kwa nauli. Zinabaki 5,000. Ukimtoza 2,000 kwa kila mtoto naye ana wawili, anarudi nyumbani na 1,000, na mtu mwenye akili ataona heri amtoe binti shuleni. Kwa hiyo kituo hutoza shilingi 500. Watoto ishirini huleta 10,000 kwa siku. Walezi wawili hulipwa 8,000 kila mmoja, uji na maziwa ni 6,000 hivi, jumla 22,000. Kila siku tunapungukiwa 12,000, na kwa siku 26 za mwezi ni 312,000. Pengo hili haliwezi kuzibwa na kina mama wale hata wakijinyima vipi. Tumelipindua kila upande kama tunavyopindua hesabu za dukani, na halizibiki. Ni lazima alipe mtu mwingine, na sisi tunaonunua kahawa yao, maharage yao na siku zao za kazi ndio watu wa karibu zaidi.

Hatuombi jengo wala bamba. Tunaomba watu kumi na wawili, kila mmoja achukue mwezi mmoja wa pengo hilo kila mwaka. Miezi ya Machi, Aprili na Mei ndiyo migumu, kwa kuwa kina mama hawana kazi ya kibarua na mashamba yanawataka. Tafadhali msikimbilie wote mwezi wa Diwali. Wenye maghala na mashamba yenye vibarua wa kike, tunawaomba zaidi: ulizeni langoni, kabla ya kuandika jina, mtoto yuko wapi. Sisi tulichelewa kuuliza.

Yule binti alirudi shuleni, akiwa mkubwa kuliko wenzake wa darasa. Mdogo wake alikaa kituoni mpaka alipoingia darasa la awali.

Daftari la majina liko kwenye meza pale viatu vinapovuliwa, miezi saba bado haina mtu. Anayetaka kuona kabla ya kuandika, gari litaondoka hapa langoni Jumatano saa kumi na robo alfajiri, na tunaomba mje na shali, maana mlimani kuna baridi.