Corona ilifukuza gripe Hong Kong. Huku kwetu nani alihesabu?



Munakumbuka 2020: ndoo ya maji mlangoni, barakoa mfukoni, masomo yamefungwa. Leo tunaongea juu ya ugonjwa mwingine, gripe, ile ya kila mwaka ambayo nyumbani tunaiita kifua tu na kuinywea tangawizi.

Hong Kong ni mji ambao gripe inahesabiwa kila wiki. Januari 2020 msimu wake ulikuwa umeanza, wagonjwa wanaongezeka. Mwezi uleule corona ikaingia. Watu wakavaa barakoa bila kungoja amri, masomo hayakufunguliwa tena kisha sikukuu. Katikati ya Februari msimu wa gripe ukaisha, mapema kuliko kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Hong Kong wakapiga hesabu: nguvu ya gripe kuenea ilishuka kwa 44%.

Mutu atasema: si waliogopa tu hospitali? Kweli, waliogopa. Lakini hata kati ya sampuli zilizopimwa, zenye gripe zilipungua.

Kisha mji ule ukakaa miaka mitatu bila msimu wa gripe. Machi 2023 amri ya barakoa ikaondolewa. Aprili gripe ikarudi, ikakuta watoto ambao miili yao haijawahi kuijua.

Kwa hiyo hatuombi mji ufungwe. Mama anayeuza nyanya Katuba anakula cha leo leo, utamufungia na nini? Tunadai maji kwenye masomo. Zile ndoo za 2020, nyingine tunaziona leo zinabeba mchanga wa kujengea!

Na tunadai kuhesabiwa. Munakumbuka Panzi, kule Kwango, mwisho wa 2024? Wiki nzima nzima ugonjwa uliitwa "usiojulikana," watoto wanakufa. Vipimo vilipotoka: malaria pamoja na virusi vya kifua, gripe ikiwemo, katika miili yenye njaa.

Tuko wengi tuliomaliza chuo, diplome iko kwenye bahasha. Kuandika kila wiki ni wangapi wamefika na homa na kikohozi kwenye sante ya kartie, hiyo tunaweza. Kesho saa tatu asubuhi tunapeleka barua kwa daktari mkuu wa zoni ya afya. Mwenye kuja, aje na kalamu.