SHAMBA LIKITWALIWA: MAHAKAMA HUPIMAJE FIDIA?

Juma lililopita tulisoma juu ya mikataba. Leo tutasoma neno moja ambalo wengi wenu mmelisikia, na pengine baadhi yenu limewahi kuwaumiza. Mwalimu, liandike ubaoni kwa herufi kubwa: FIDIA. Lisomeni kwa sauti. Fi-di-a. Vyema.

Katika Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ameshika dhamana yake kwa niaba ya wananchi. Wewe una haki ya kukaa juu yake na kuitumia. Tangu mwaka 1967 iko sheria inayompa Rais uwezo wa kutwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma, kama vile barabara, shule, hospitali au reli. Mwenye ardhi akikataa, haizuii. Lakini lazima alipwe. Je, alipwe kiasi gani? Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, na hapo ndipo mahakama inapoingia.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa fupi sana. Mtu alilipwa vile alivyoongeza juu ya ardhi tu, yaani nyumba, kisima, mikahawa na minazi. Ardhi yenyewe ilihesabiwa kuwa haina bei. Basi mtu aliyefyeka pori, akang'oa visiki, akalima mahindi miaka ishirini, akikutwa baada ya mavuno shamba likiwa tupu, aliweza kuambiwa kwamba hana cha kulipwa.

Sasa sikilizeni kesi moja. Katika miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wengi walihamishwa, na mashamba ya wengine yakagawiwa kwa watu wapya. Baba mmoja na mwanawe, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walikwenda mahakamani mwaka 1987 mjini Arusha kudai shamba lao walilokuwa nalo kwa mila. Walishinda, wakarudishiwa. Rufani ilipokuwa bado inangoja, Bunge likatunga sheria mwaka 1992. Sheria hiyo ilifuta haki za mila katika vijiji vilivyoanzishwa, ikazuia kesi za namna ile, na ikasema hakuna fidia kwa kupotewa na haki hiyo, ila kwa vile mtu alivyoongeza juu ya ardhi.

Wale wawili hawakukaa kimya. Walikwenda Mahakama Kuu, wakasema sheria hii inavunja Katiba. Wakashinda tena. Serikali ikakata rufani. Tarehe 21 Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu. Ilisema kwamba haki ya kukaa juu ya ardhi kwa mila ni mali, sawa na mali nyingine, na ibara ya 24 ya Katiba inailinda. Kuichukua bila fidia inayostahili ni kuvunja Katiba. Tena ikasema kwamba fidia hiyo haiishii kwenye nyumba na miti. Mtu akiwa ametia jasho lake katika ardhi, hata kama leo huoni jengo wala mti, anastahili kulipwa. Vifungu vilivyozuia hayo vikafutwa.

Jambo hili ni kubwa, ndugu zangu. Jembe la mkulima lilipewa thamani mahakamani. Baadaye, mwaka 1999, Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zikasema wazi kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe upesi.

Basi jaji akiletewa ugomvi hupima kwa nini? Hapimi kwa macho, wala kwa huruma. Anauliza kwanza: bei ya soko ni kiasi gani? Yaani, mashamba ya jirani yanayofanana na hili yaliuzwa kwa shilingi ngapi siku za karibuni? Ndiyo sababu hati za mauziano za majirani ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya hasira. Ikiwa ni kitu kisichouzwa sokoni, basi hutazamwa gharama za kukijenga upya. Na bei inayotazamwa ni ile ya wakati tangazo la kutwaa lilipotolewa. Ukipanda miti baada ya tangazo ili kuongeza hesabu, haihesabiwi. (Msicheke. Wapo waliopanda minazi usiku.)

Kama imetwaliwa sehemu tu, hasara ya shamba kukatwa vipande hutazamwa. Lakini barabara ikikipandisha bei kipande kilichobaki, hilo nalo hutazamwa. Hapa wengi hukasirika, lakini ndivyo sheria ilivyo.

Juu ya bei ya soko huongezwa vitu vingine. Chukueni madaftari, tufanye hesabu. Tarakimu hizi ni za mazoezi tu.

Nyumba, ardhi na mimea vimethaminiwa kwa shilingi 10,000,000.

Posho ya usumbufu: hupatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa riba ambayo mabenki hulipa kwa fedha iliyowekwa miezi 12. Tuseme ni 8 kwa mia. Jibu: 800,000.

Posho ya makazi: kodi ya nyumba kama hiyo kwa mwezi, mara miezi 36. Tuseme kodi ni 50,000. Jibu: 1,800,000.

Usafiri: gharama ya kuchukua mizigo ya tani 12 kwa mwendo usiozidi kilomita 20. Tuseme 300,000.

Jumlisheni. Mmepata 12,900,000? Vyema. Mwenye duka huongezewa faida halisi ya mwezi, mara 36, lakini lazima aonyeshe vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa. Asiye na vitabu ana kazi ngumu. Na ardhi ambayo haina mtu anayekaa juu yake hailipiwi makazi wala usafiri.

Makaburi yana sheria yake ya mwaka 1969. Hulipwa gharama za kufukua, kusafirisha, kuzika upya na matambiko yanayopasa. Uchungu haulipwi.

Fedha ikichelewa zaidi ya miezi 6, riba huanza kuhesabiwa. Na kwa sheria ya wathamini ya mwaka 2016, miaka 2 ikipita bila malipo, ule uthamini umekufa, hauna budi kufanywa upya.

Sasa nitawaambia kwa nini nimechagua somo hili. Nilipokuwa shule ya bweni, barabara ilipanuliwa kijijini kwetu. Mthamini alikuja, baba yangu mdogo akamtembeza shambani. Alikuwa na migomba 40. Akaletewa karatasi, akaambiwa, "Mzee, weka dole gumba hapa." Akaweka. Niliporudi likizo ya Desemba alinipa nakala niisome. Karatasi ilisema migomba 14. Kisima hakikuandikwa kabisa. Sidhani kwamba mtu alikusudia kuiba. Labda aliyeandika alisikia vibaya, jua likiwa kali. Lakini sheria inasema ugomvi juu ya fidia usipomalizwa katika majuma 6 tangu tangazo, mtu anaweza kupeleka shauri Mahakama Kuu. Majuma yalikuwa yamepita mengi, na hakuna aliyemwambia. Baba yangu mdogo alinitazama nikisoma, kisha akaniuliza kama nina hakika ni 14. Nikasoma tena.

Zoezi la nyumbani ni hili. Kila mmoja achore ramani ya shamba au kiwanja chake. Andika idadi ya miti kwa aina yake, kisima, choo, boma, na jina la jirani wa kila upande. Weka tarehe. Mwombe jirani mmoja na mwenyekiti wa kitongoji watie sahihi. Asiyeweza bado kuandika tarakimu kubwa asaidiwe na mwenzake, lakini majina ya miti ayaandike mwenyewe. Juma lijalo, saa kama hii, tutayasoma pamoja.