SAA YA MKONO: KAZI YA NYUMBANI NA KAZI YA FUNDI

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wenyeji wa Isebania na jirani zao



Pale Isebania, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mtu aweza kuvuka kwenda Sirari, akanunua haja zake na kurudi, wala asihitaji kugeuza akrabu za saa yake hata dakika moja. Kwa maana nchi hizi mbili hufuata saa za namna moja, yaani saa tatu mbele ya Greenwich. Lakini mtu huyo akitaka kuipatanisha saa yake kwa kutazama jua, atakosea. Upande ule wa nchi jua huchelewa kuchomoza kuliko Mombasa, na kwa siku nyingi za mwaka huwa imekwisha pita saa kumi na mbili u nusu kabla halijaonekana. Kwa hiyo mkulima, mchuuzi na mwalimu hapana budi wategemee chombo. Ni kweli kwamba simu nayo huonyesha saa, lakini simu huzimika moto wake ukiisha, na mwenye mikono yenye udongo haitoi mfukoni kwa furaha.

Tena saa si chombo tu. Katika masanduku ya watu imo saa ya marehemu baba, aliyoinunua kwa fedha za mavuno au za mshahara wake wa kwanza, nayo imelala haitembei. Nyingine kati ya saa hizo hazikuuawa na uzee. Ziliuawa na watu waliozipenda, waliotaka kuzisafisha nyumbani wasijue kazi ya nyumbani inaishia wapi.

Ni vema kwanza kujua kilichomo ndani. Katika saa ya kutia ufunguo mna springi kubwa, ambayo watu wa pwani waliiita kamani. Kamani ikikazwa husukuma magurudumu yenye meno, na mwisho wake kipo kigurudumu kinachokwenda na kurudi bila kupumzika. Katika saa nyingi za zamani kigurudumu hicho hupiga mara 18,000 kwa kila saa moja, maana yake mara 432,000 kwa usiku na mchana. Ncha za magurudumu hayo ni nyembamba kama unywele, nazo huzunguka katika vijiwe vyekundu vilivyotiwa mafuta kidogo sana, chini ya tone moja. Punje ya vumbi ambayo jicho haliioni ni jabali mahali hapo.

Kwa sababu hiyo sheria ni moja tu: kilicho nje ya saa ni cha mwenye saa, kilicho ndani ni cha fundi.

Kilicho nje si kidogo. Jasho lina chumvi, na chumvi hula chuma na kuozesha ngozi ya mkanda. Katika mashamba ya tumbaku ya Kuria na Migori liko jambo jingine: jani bichi la tumbaku hutoa utomvu unaonata, unaogeuka mweusi mkononi na kukusanya vumbi. Utomvu huo ukikauka kando ya kioo na kuzunguka kifundo cha kutilia ufunguo, hukwaruza kila kifundo kinapogeuzwa, na pole pole huharibu kipira kinachozuia maji. Wavuvi wa Karungu na Homa Bay nao hujua jinsi magamba na mafuta ya samaki yanavyojificha katika viungo vya mkanda wa chuma.

Saa isafishwe hivi. Kwanza kifundo kihakikishwe kwamba kimesukumwa ndani kabisa. Na kama ni cha kukazwa kwa parafujo, kikazwe. Kisha mkanda uvuliwe. Mkanda hushikwa na pini mbili zenye springi ndogo, ambazo huruka na kupotea mara moja, basi kazi ifanyike juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa mezani, wala si juu ya nyasi. Mkanda wa chuma, wa nailoni au wa mpira waweza kutiwa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa muda wa robo saa, halafu usuguliwe kwa mswaki laini uliokwisha tumika, usuuzwe na kukaushwa kivulini. Mkanda wa ngozi usitiwe majini kamwe. Upanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uachwe upate hewa usiku kucha. Mwenye jasho jingi afanya vema kuwa na mikanda miwili ya kubadilishana.

Saa yenyewe ipanguswe kwa kitambaa laini kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Uchafu uliogandamana pembeni hutolewa kwa kijiti cha meno cha mti, si kwa sindano wala wembe. Alama ndogo za mikwaruzo katika kioo cha plastiki hupungua zikisuguliwa taratibu kwa dawa nyeupe ya meno na kitambaa kikavu. Katika kioo cha kweli dawa hiyo haifai kitu.

Sasa juu ya mambo ya kukatazwa. Petroli na mafuta ya taa hulainisha utomvu, hilo halina ubishi, lakini pia hula kipira na gundi ya kioo. Mafuta ya kupikia au ya cherehani yakitiwa ndani ili saa iliyosimama itembee, pengine itatembea siku mbili tatu, na watu watasifu dawa. Kisha mafuta yale huganda na vumbi, na fundi atakayeifungua baadaye atakuwa na kazi mara mbili. Saa iliyoingia ukungu chini ya kioo isianikwe juani, wala isifukiwe katika mchele. Jua kali hukausha mafuta na kuharibu uso wa saa; mchele hauwezi kutoa maji yaliyokwisha ingia ndani ya kifuniko. Ipelekwe kwa fundi siku ile ile, kwa sababu kutu haingoji siku ya soko.

Liko jambo moja ambalo katika nchi ya Migori lapasa kusemwa kwa urefu kidogo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kuikamata dhahabu iliyomo katika mchanga uliosagwa. Zebaki haichagui. Ikiigusa saa iliyopakwa dhahabu, au pete ya ndoa, huingia katika dhahabu ile na kuigeuza nyeupe kama fedha. Hapo hutokea mtu akashauri iwekwe juu ya makaa ili zebaki itoke. Kweli itatoka, lakini itatoka kama mvuke usioonekana, na mvuke huo ukivutwa ndani ya nyumba huumiza ubongo na mafigo ya wote waliomo, na mama mwenye mimba huhatarisha mtoto aliye tumboni. Saa nayo itakuwa imekwisha ungua. Afadhali anayekwenda kwenye kazi ya zebaki aivue saa na kuiacha nyumbani. Na iliyokwisha guswa ifungwe katika chupa yenye kifuniko, isikaribie moto.

Wengi hudanganyika pia na maandishi yaliyo nyuma ya saa. Imeandikwa kwamba haidhuriwi na maji mpaka mita 30, na mwenyewe huenda nayo kuoga mtoni. Kipimo hicho hufanywa saa ikiwa mpya, imetulia, haitikiswi. Katika matumizi ya kila siku maana yake ni kwamba itavumilia mvua na kunawa mikono, si zaidi. Ya kuogelea yapasa iwe na mita 100, na vipira vyake vikaguliwe.

Saa za betri zina tabia yake. Namna hii ya saa za mkono ilianza kuuzwa huko Tokyo mwezi wa Desemba 1969, na ndani yake hamna kigurudumu cha kwenda na kurudi bali kipande cha jiwe liitwalo kwatzi, kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Haihitaji kutiwa ufunguo, lakini betri yake ikifa na kuachwa ndani hutoa maji makali yanayokula mitambo. Katika saa nyingi za mishale, mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde mbili mbili au nne nne, ni dalili kwamba betri inakwisha, si kwamba saa ni mbovu. Betri ya zamani isitupwe uani. Kidude hicho kidogo hung'aa, na mtoto huweza kukimeza. Zile za duara zinazokwama kooni huunguza nyama kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto aliyemeza apelekwe hospitali mara hiyo, asingojewe mpaka asubuhi.

Je, mtu atajuaje kwamba saa yake inahitaji fundi? Aipatanishe na redio au simu siku ya Jumapili, kisha kwa siku saba, wakati ule ule, aandike imezidi au imepungua kiasi gani. Saa ya kutia ufunguo inayokosea nusu dakika kwa siku haina ugonjwa. Ikiwa hupungua dakika mbili kila siku, sawasawa bila kubadilika, inataka kurekebishwa tu, nayo ni kazi fupi. Lakini ikiwa leo yazidi dakika moja, kesho yapungua tatu, basi imechafuka au mafuta yamekauka. Ikiwa kwa ghafula imeanza kukimbia dakika nyingi, pengine imeshikwa na sumaku, labda kwa kulazwa juu ya spika ya redio. Fundi mwenye chombo chake huiondoa sumaku hiyo upesi. Hata isiyo na kosa yafaa ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miaka minne au mitano.

Akiipeleka, akubaliane bei kabla kifuniko hakijafunguliwa, aandike namba iliyochorwa nyuma, na aombe kuonyeshwa ndani kwa kile kioo cha kukuzia ambacho fundi hukivaa jichoni. Fundi mwema hakasiriki kwa ombi hilo. Na kifaa chochote cha zamani kilichobadilishwa arudishiwe mkononi, kimefungwa katika karatasi, hata kama kimevunjika.