Bibi Huyu Alikuwa na Nyumba
(Maneno kwa viongozi wa walei, Kolandoto)



Tumekutanika hapa Kolandoto, jirani na makazi ya wazee ya Serikali, ili tutafakari namna ya kumsaidia mwenzetu asiye na makao. Swali hili si geni katika Kanisa. Mwaka 1987, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa wasio na makao, Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa hati iliyotuuliza tumemtendea nini ndugu yetu asiye na nyumba.

Katika ukanda wetu watu wamepoteza makao kwa njia nyingi. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mwaka 2007 familia za Mtakuja, Geita, zilihamishwa kupisha mgodi, zikaishi katika mahema. Hao waliondolewa kwa amri ya wakubwa. Lakini yupo mwingine ambaye hakufukuzwa na mkubwa yeyote. Ni bibi mjane aliyekimbia kijiji chake usiku kwa sababu majirani walimwita mchawi.

Bibi huyu alikuwa na nyumba. Alipika miaka mingi kwa kuni na samadi kavu, macho yakawa mekundu kwa moshi. Mtoto wa jirani akafa kwa homa, mpiga ramli akaulizwa, na macho yale yakafanywa ushahidi. Barua ya vitisho ikaachwa mlangoni. Mara nyingine nyuma ya barua ya namna hiyo lipo shamba ambalo ndugu wa marehemu mumewe wanalitamani. Vikongwe wengi wa Shinyanga na Geita hawakuwahi hata kukimbia. Waliuawa kwa mapanga. Tukiri kwamba miongoni mwa walionyamaza walikuwemo wabatizwa.

Kwa hiyo twasema: msaada wa kwanza kwa asiye na makao ni kumlinda asiyapoteze. Blanketi na sabuni tunazopeleka makazini ni sadaka njema, wala tusiiache. Lakini tukipeleka blanketi Jumapili, na Jumatatu tukamwendea mpiga ramli, basi tunawahudumia wazee kwa mkono mmoja na kuwafukuza kwa mwingine.

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iwajue wazee wanaoishi peke yao. Watembelewe kila wiki, paa lizibwe kabla ya masika, na wajengewe jiko lenye bomba la kutoa moshi.

Pili, aliyetishiwa asiachwe alale peke yake. Barua isichanwe, ifikishwe siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi. Kutishia kuua ni kosa la jinai.

Tatu, tulinde ardhi ya wajane. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume, na katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, wasiopungua watatu huwa wanawake. Tumsindikize mjane barazani. Jambo likizidi, tumwone Afisa Ustawi wa Jamii, au wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Nne, wazee walio makazini wasitembelewe kwa zawadi tu. Tuketi nao, tuwasikilize, tuulize kama wangependa kurudi kwao. Anayetaka kurudi, parokia izungumze kwanza na ukoo na uongozi wa kijiji. Asirudishwe mpaka usalama wake uwe wa hakika. Asiyetaka asilazimishwe, bali awe na jamaa kati yetu.

Bwana wetu alizaliwa pasipo nafasi katika nyumba ya wageni. Waliofunga milango usiku ule hawakumchukia. Hawakutaka kusumbuka tu. Basi kabla ya Jumapili ijayo, kila kiongozi aliyepo hapa abishe hodi kwenye mlango wa mzee mmoja ambaye kijiji kimeanza kumnong'ona. Aketi, ale naye, na majirani wamwone akila.

Amani ya Bwana iwe nanyi.