Muguu Mumoja Ukivimba, Usiseme Ni Muchoko Tu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mukutano wa wanamemba, Lubumbashi)

Mimi si munganga. Kazi yangu ni kuzunguka katika maparsele ya watu waliorudi, daftari mukononi. Mambo ya dawa nitakayosema niliyauliza kwa waganga mbele ya kuyaleta hapa.

Mwezi uliopita nilifika kwa mama mumoja kule Ruashi. Alikuwa amejifungua wiki tatu tu, akatoka Pweto na mutoto mugongoni, siku mbili juu ya kamio, njia ya Kasomeno. Nilimukuta amelala, muguu wa kushoto umefunikwa kitambaa. "Ni muchoko ya njia tu, yaya," akaniambia. Nikauliza: "Inavimba yote mbili ao moja?" "Moja tu." Shangazi yake alikuwa anamukanda na maji ya moto, siku ya nne sasa. Jirani naye alikuwa na lake: kuna mutu alimutegea dawa ku mulango. Na asubui ile mama alianza kukosa pumzi akienda ku choo tu.

Tukamupeleka hospitali na teksi. Ekografi ikaonyesha damu imeganda ndani ya mushipa wa paja. Skana ikaonyesha kipande kingine katika mapafu. Yuko hai, ananyonyesha. Nitarudi kwake.

Damu inapaswa kutembea. Zaidi ya miaka 150 imepita tangu munganga wa Ujerumani, Rudolf Virchow, aeleze sababu ambazo waganga wanazifuata mpaka leo: damu ikisimama, ao mushipa ukiumia, ao damu yenyewe ikiwa nyepesi kuganda, bonge linaweza kufanyika. Mara nyingi linafanyika ndani ya mishipa ya miguu. Waganga wetu wanaita flebiti. Bonge likikatika, linapanda na damu mpaka moyoni, linaenda kuziba mapafu. Ile ndiyo embolia, na inaweza kuua mutu kwa saa chache.

Sasa muangalie maisha yetu. Mimba, na wiki sita kisha kuzaa: damu inaganda mbio. Operesheni. Muguu uliovunjika na kufungwa plasta. Kansa. Kifua kikuu na virusi vya ukimwi navyo vinaongeza hatari. Kinini fulani za kupanga uzazi pia. Na safari: katika mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mutu akikaa bila kujinyoosha katika safari inayopita saa 4, hatari yake inaongezeka karibu mara mbili. Musiogope bisi kwa hiyo, maana ni kama mutu 1 kwa wasafiri 6000. Lakini yule mama alikuwa na mambo mawili pamoja, uzazi na kamio. Waliorudi toka Zambia, wale wa Kala na Mwange zamani ao wa Mantapala juzi, wanajua kukaa juu ya mizigo, magoti yamekunjwa, bila nafasi ya kunyoosha muguu.

Alama, basi. Muguu mumoja unavimba, unauma nyuma, unakuwa moto, pengine mwekundu. Ku mapafu: pumzi inakatika gafula, kifua kinachoma ukivuta pumzi, moyo unapiga mbio, mutu anakohoa damu ao anazimia. Wengi wanasema ni malaria ao nimonia, wanakunywa kinini za duka, siku zinapita. Ukiona hizo za kifua, usingoje asubui. Na muguu ule usiukande kwa nguvu, wala usiuchanje na wembe. Shangazi yule hakukosa mapendo, alikosa kuambiwa.

Kule hospitali watauliza historia yako kwanza, kwa hiyo useme safari, uzazi na dawa zote, usifiche. Kuna kipimo cha damu kinaitwa D-dimeri: kikiwa chini kinasaidia kuondoa shaka, lakini kikiwa juu hakitoshi kusema ni flebiti, maana kisha kuzaa kinapanda chenyewe. Njo sababu wanatafuta ekografi ya Doppler kwa muguu, na skana kwa mapafu.

Dawa: mara nyingi wanaanza na shindano za heparini, kisha kinini kama warfarini ao rivaroksabani. Mama mwenye mimba anabaki na shindano, maana warfarini inaweza kuumiza mutoto tumboni. Anayekunywa warfarini anapimwa damu mara kwa mara, kipimo cha INR. Sombe na matembele hazikatazwi, ila ule kiasi kilekile kila wiki, maana zinapunguza nguvu ya dawa. Rifampisini ya kifua kikuu nayo inaipunguza, tena sana. Aspirini na dawa za maumivu za barabarani usichanganye bila kuuliza, unaweza kutoka damu.

Dawa hizi ni kwa miezi mitatu kwa uchache. Hapo ndipo ninataka tuzungumuze kuhusu sanduku letu. Tumezoea kulipa siku ya kwanza: teksi, kitanda, ordonansi ya kwanza. Kisha wiki mbili muguu unapona, mugonjwa anasema "niko muzima", na pesa inaenda ku bukari. Bonge linaweza kurudi. Yule mama sasa yuko katika mwezi wa pili. Likelemba ya wamama wa Ruashi ililipa ekografi, sanduku likalipa skana na mwezi wa kwanza, wa pili nduguye aliuza baiskeli. Mwezi wa tatu na vipimo vya INR bado havina mwenye kuvilipa.

Ninaomba komite iandike leo: tukikubali mugonjwa wa flebiti, tunamuhesabia miezi mitatu yote tangu mwanzo, hata kama ni kuchukua wagonjwa wachache. Najua wengine hawatapenda. Munyooshe mikono. Nitaanza na ulizo la bei ya ekografi, naona kule nyuma batu banaisemasema.