MITA KWANZA, MKONO BAADAYE
Hotuba kwa vijana mafundi wa Kondele

 

Leo tunazungumza juu ya amplifaya za gitaa ambazo vijana wetu wanajiundia kwa valvu na transfoma za redio kuukuu. Wengine wanauliza, jambo hili linalihusu nini kanisa? Linatuhusu sana. Sisi ni watu wa benga. Mzee D. O. Misiani wa Shirati Jazz alifariki hapa hapa Kisumu mwaka 2006, na mpaka leo gitaa linalisha watu wengi katika mji huu. Kazi ya fundi ni kazi ya heshima, na Mtakatifu Yosefu mwenyewe alikuwa fundi. Lakini hatutaki kijana azikwe kwa sababu ya amplifaya.

Shida tunayoiona ni hii. Amplifaya ikinyamaza, fundi anaanza kubahatisha. Leo anabadilisha rezista, kesho valvu, keshokutwa kapasita. Pesa za mteja zinaisha na sauti haijatoka. Tena muda huo wote mkono wake umo ndani ya sanduku lenye umeme wa kuua.

Umeme uliomo ndani

Stima ya ukutani ni volti 240. Transfoma inatoa volti 6.3 za kupasha valvu moto, na upande mwingine inatoa umeme mkubwa ambao, ukishageuzwa kuwa DC, hufika volti 250 hadi 350. Kapasita kubwa zinauweka umeme huo kama mtungi unavyoweka maji. Ukichomoa plagi, mtungi bado umejaa! Kwa hiyo neno "nimeshazima" halitoshi.

Kabla ya kugusa, fanya hivi:

1. Chomoa plagi kabisa.
2. Toa umeme wa kapasita kwa rezista ya omu 10,000, wati 5 au zaidi, yenye waya zilizofunikwa vizuri. Shikilia sekunde kumi. Usitumie bisibisi.
3. Pima kwa mita. Ikisoma karibu na sufuri, sasa gusa.

Ukilazimika kupima stima ikiwa imewaka, banisha waya mweusi wa mita kwenye sanduku la bati kabla ya kuwasha. Tumia mkono mmoja tu, ule mwingine utie mfukoni. Vaa viatu, sakafu iwe kavu, na usiwe peke yako. Mita na waya zake ziwe za kuhimili volti 600 au zaidi. Sanduku lenyewe liungwe na waya wa ardhini, na fyuzi iwepo. Tahadhari pia: redio nyingine za zamani hazina transfoma ya stima, na bati lake linaweza kuwa na umeme wa ukutani. Hiyo usiijenge kuwa amplifaya.

Kutafuta ugonjwa

Daktari mzuri hatoi dawa kabla ya kupima, sivyo? Basi na sisi tupime kwa mpangilio, na kila namba iandikwe kwenye daftari.

Kwanza, unga spika, maana amplifaya ya valvu ikipigwa bila spika inaweza kuunguza transfoma ya sauti. Halafu pitisha stima kwenye balbu ya kawaida ya wati 60, siyo ya LED. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna waya zimegusana. Zima, tafuta.

Pili, pima zile volti 6.3. Zikikosekana, valvu haipati moto wala haifanyi kazi.

Tatu, pima DC kwenye kapasita ya kwanza. Ikiwa hakuna kitu, ugonjwa uko kwenye transfoma, fyuzi au dayodi. Usihangaike na valvu bado.

Nne, njoo kwenye valvu ndogo ya ECC83. Mguu wa 1 na wa 6 mara nyingi husoma volti 150 hadi 200, na mguu wa 3 na wa 8 kama volti moja na nusu. Mguu wa 1 ukisoma sawasawa na umeme unaoilisha, hakuna mkondo unaopita: valvu imekufa, au rezista ya mguu wa 3 imekatika. Ukisoma sufuri, tazama rezista inayouletea umeme.

Tano, valvu ya nguvu, EL84. Mguu wa 2 usome sufuri. Ukiona volti kadhaa za DC hapo, kapasita inayoleta sauti inavuja. Valvu itakuwa nyekundu kama makaa na transfoma itafuata. Kapasita moja ya bei ndogo inaokoa transfoma ya bei kubwa.

Mwenzako akipigwa na stima, usimshike. Zima kwanza, au msukume waya kwa ubao mkavu. Kama hapumui, mbonyeze kifua huku wengine wakitafuta gari.

Ombi letu ni mawili. Kila karakana ichange inunue mita moja nzuri, na ninyi vijana mjiandikishe kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, ili ujuzi wenu uwe na karatasi. Mteja humrudia fundi anayemwonyesha daftari.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.